Bakteria Hangoji Salamu

Tangu nirudishe ufunguo wa maabara mwezi uliopita, vijana niliowaacha pale wamekuja nyumbani mara tatu kunitaka niandike. Mara ya kwanza nilidhani wamekuja kunijulia hali, nikawakaribisha mahamri. Mara ya tatu wakaniletea daftari na kalamu, nikaona sina pa kukimbilia. Basi nitaandika, lakini kwa masharti yangu. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini au mshahara wangu ulikuwaje, akamtafute karani wa ofisi, ambaye siku zote aliyajua mambo hayo kunishinda mimi. Mimi nitaeleza habari za kitunguu, habari za chupa moja ya maji, na siku nilipokaribia kuwafungia watu wa mtaa wangu kisima chao kwa sababu ya adabu zangu nzuri.

Nilianza kazi wakati wa vita, miaka ya arubaini. Kisiwa cha Mombasa kilijaa askari na mabaharia, sukari ilikuwa ya kutafutwa, na vioo vya maabara vilikuwa adimu kuliko sukari. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa mtaa wa Kibokoni, nimevaa kanzu aliyoipiga pasi mama mwenyewe, na nilikuwa na yakini kwamba siku hiyo hiyo nitakalishwa mbele ya hadubini. Msimamizi wa maabara alikuwa Bwana Rebelo, Mgoa, yaani Mhindi wa Goa, mfupi wa miaka hamsini na ushei, aliyekulia Unguja na kuzungumza Kiswahili cha huko. Aliitazama kanzu yangu juu hadi chini, akanipa aproni na beseni la vioo vichafu. Niliosha vioo miezi miwili. Kila kisahani mara tatu kwa sabuni, mara tatu kwa maji safi, kisha kwenye chungu cha mvuke. Yeye alikuwa akikiinua kisahani dirishani, anafumba jicho moja, na akiona alama ya kidole ananirudishia. Nawaambia vijana wangu mnaotumia visahani mara moja na kuvitupa, hamjui mlichokosa, na mshukuru Mungu.

Asubuhi moja Bwana Rebelo aliniagiza nipitie sokoni nilete kitunguu maji, kikubwa, chenye kitako kizima. Nilijua kitunguu ni cha mchuzi, nikachagua kizuri nikitaraji na mimi nitaalikwa. Kumbe alikikalisha kwenye mdomo wa gilasi, kitako kikigusa maji, akakiweka kando ya dirisha. Siku ya tatu kilikuwa kimeota mizizi myeupe kama ndevu za mzee. Akakata ncha za mizizi, kila moja haizidi punje ya mchele, akazichovya kwenye asidi, akazitia rangi nyekundu, akazipasha moto juu ya taa ya spiriti, kisha akaiweka ncha moja kwenye kioo, akaifunika kwa kioo chembamba na kuibonyeza kwa kidole gumba. Akanisogezea kiti mbele ya hadubini. Miezi miwili na ushei, na ndiyo mara yangu ya kwanza kukikalia kiti kile.

Niliona vyumba vidogo vidogo vimepangwa kama vya nyumba moja kubwa, kila chumba ni seli, na katikati ya kila seli kuna duara jekundu lililotulia, ndicho kiini. Lakini katika seli chache duara lile halikuwapo. Mahali pake palikuwa na nyuzi nene nyekundu. Hizo, alisema Bwana Rebelo, ni kromosomu, na ndani yake mna urithi wote wa kitunguu: rangi yake, ukali wake, hata kule kumliza mpishi. Akanitembeza kwenye kioo kile seli baada ya seli. Hii hapa inajitayarisha, nyuzi zimejikunja zikawa fupi, na kila uzi umekwisha kujifanyia pacha wake. Hii nyuzi zake zimejipanga safu moja katikati. Hii mapacha wameachana, hawa wanavutwa huku na hawa kule. Hii tayari viini ni viwili, na ukuta unajengwa baina yao. Hakuna kinachofanywa kabla ya wakati wake, na mtoto hapungukiwi uzi hata mmoja. Tangu seli igawanyike hadi igawanyike tena, karibu siku nzima hupita. Akanieleza kwamba seli za mnyama, na zangu mimi mwenyewe, hufuata taratibu hizo hizo, ila za mnyama hazijengi ukuta, hujibana kiunoni mpaka zikaachana.

Wiki ile ile alinionyesha bakteria. Alitia tone la supu ya nyama lenye bakteria wachache kwenye kioo chenye shimo, akakipasha kidogo, akaniambia nimchague mmoja nisimwondolee macho. Niliteua kijiti kimoja kilichojitenga. Nikakiona kikirefuka. Kikaingia kiuno. Kabla Bwana Rebelo hajamaliza kikombe chake cha chai, kijiti changu kilikuwa vijiti viwili, na nilipopepesa macho na kutulia tena, vile viwili navyo vilikuwa vinarefuka. Nilitafuta kiini, sikukiona. Nilitafuta safu, sikuiona. Wakati ule wakubwa wa elimu hiyo wenyewe walikuwa bado wanabishana kama bakteria ana kiini au hana. Leo tunajua hana. Ana uzi wake mmoja tu wa urithi ulioungana ncha, anaunakili, nakala moja inakwenda kila upande, kisha anajikata katikati, basi. Akiwa na joto na chakula, dakika ishirini zinamtosha. Wako walio wavivu, kama yule wa kifua kikuu, ambaye humpa mtu majuma ya kungoja. Wengi wao lakini hawana subira.

Bwana Rebelo alikuwa na njia yake ya kulitia jambo kichwani. Alisema seli ya kitunguu ni mtu wa Mombasa: haanzi shughuli mpaka amemsalimia kila mmoja, amewauliza hali ya wazee na watoto, na kila mtu amekaa mahali pake. Bakteria hana salamu. Nilicheka sana siku ile. Nilipokatwa kidole na kioo juma lililofuata, nilicheka kidogo, kwa kuwa usaha ulifika kesho yake na ngozi mpya ilichukua siku kumi. Niliona kwa macho yangu nani anakimbia na nani anatembea. Ungedhani mtu aliyefundishwa hivyo, tena mara mbili, hatasahau.

Baada ya mwaka nilikabidhiwa maji. Afisi ya afya ilikuwa na wasiwasi wa homa ya matumbo, mji ukiwa umejaa watu, na ikaamua kupima visima vya Mji wa Kale. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kwenye chupa iliyopikwa kwa mvuke, kuitia kwenye sanduku la bati lenye barafu na unga wa mbao, na kuifikisha maabara. Pale matone ya maji yale yalichanganywa na agari, uji wa mwani unaoganda, kwenye visahani, vikawekwa kwenye kabati la joto. Bakteria mmoja haonekani, lakini akishazaana usiku kucha anakuwa doa, na kila doa unalohesabu ni ukoo wa mmoja aliyekuwamo majini. Hesabu hiyo ina maana kwa sharti moja tu: uhesabu waliokuwa kisimani, si waliozaliwa njiani.

Kisima cha kwanza nilichopewa kilikuwa cha msikiti wa mtaani kwetu. Nilifurahi mno. Siku hiyo Bwana Rebelo alikuwa kitandani na homa, na barafu niliyoipata ilikuwa kipande kidogo, nyingine ilikuwa imechukuliwa na meli. Nikasema haidhuru, kutoka pale hadi maabara ni mwendo wa robo saa.

Robo saa ni kwa mgeni. Mtoto wa mtaa hapiti Kibokoni robo saa. Mlangoni mwa msikiti nilikutana na wazee watatu, nikawapa mikono na kila mmoja akaniuliza habari za nyumbani kuanzia kwa nyanya yangu. Kwenye kona kulikuwa na Ami Saleh, muuza kahawa, mzee wa asili ya Hadhramaut, ambaye alinijua tangu sijaota meno. Kukataa kikombe chake kungekuwa sawa na kumtukana, nami nilikunywa viwili. Bi Mariamu alinichungulia dirishani, akaiona chupa imefungwa kitambaa cheupe, akadhani ni kombe, maji ya aya za Qurani ya kumnywesha mgonjwa, na hakuniachia mpaka nilipomwapia kwamba siumwi. Halafu mjomba. Halafu rafiki wa mjomba. Nilipofika maabara karibu saa mbili zilikuwa zimepita, na barafu imebaki kama kipande cha sabuni ya mwisho. Niliona nimefanya kazi yangu na sikumkosea mtu.

Kesho yake visahani vilikuwa vimejaa madoa yasiyohesabika. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona bingwa. Nimegundua jambo. Niliandika ripoti kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni, nikaipeleka kwa daktari mkuu, na baada ya siku mbili karatasi ilibandikwa ukutani kwa msikiti: kisima kitajazwa mawe na kufunikwa kwa saruji baada ya juma moja.

Maalim Shee ndiye aliyekuwa mwangalizi wa msikiti ule, na ndiye aliyenisomesha Qurani. Alinikuta jioni nikitoka kuswali, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye ukingo wa kisima. Hakujua kwamba ripoti iliyoleta karatasi ile ni yangu.

"Kisima hichi alikichimba babu yangu kwa mikono yake, akakiwakifu kwa msikiti," aliniambia. "Watu wametawadha kwa maji haya, wameoshea maiti wao, na nyumba arubaini hapa zateka hapa. Sasa twaambiwa yana wadudu. Wewe wafanya kazi huko, mwanangu. Niambia kweli, ni kweli?"

Nilisema nitauliza. Usingizi haukunijia siku ile, si kwa sababu nilijua nimekosea, bali kwa sababu sikujua.

Bwana Rebelo alirudi kazini asubuhi, mwembamba na mwenye hasira ya wagonjwa waliopona. Nilimweleza yote. Hakuuliza habari za agari wala za kabati la joto. Aliuliza jambo moja: tangu chupa itoke kisimani hadi ifike mezani, muda gani? Nikaanza kumhesabia, wazee watatu, Ami Saleh, Bi Mariamu, mjomba, na kila nilipotaja jina niliona uso wake unabadilika. Alichukua penseli. Maji ya kisima si supu ya nyama, alisema, humo bakteria hawakimbii sana. Lakini kisima hiki kiko chini ya mti wa mkungu, kimejaa majani, kwa hiyo chakula kipo, na joto la mchana tunalijua. Tuseme nusu saa kwa kila mgawanyiko. Kwa saa mbili wamegawanyika mara nne. Akaandika: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Kwa kila mmoja aliyetoka kisimani, mimi nilifikisha kumi na sita.

"Wewe ulitembea kama kitunguu," alisema, akaiweka penseli chini. "Wao hawakuwa vitunguu."

Ilinibidi niende kwa daktari mkuu na kusema ripoti yangu haifai. Niliogopa kufukuzwa, maana kazi yenyewe nilikuwa nimeipenda, na vijana wengi walikuwa wanaitaka nafasi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama kalamu yake. Kisha akasema nitaruhusiwa chupa moja zaidi. Mtu wa afya atakuwa kisimani nikiteka, na mwenzake atakuwa mezani na saa mkononi. Ikizidi dakika ishirini, chupa haifunguliwi, kisima kinajazwa kama ilivyotangazwa, na mimi nitafute kazi nyingine.

Mtasema, si upande gari? Vichochoro vyetu havikupitisha gari, na baiskeli sijui kuipanda mpaka leo. Ilikuwa lazima nitembee, na nitembee katikati ya watu wangu bila kumpa mtu mkono. Kwa mtu wa mji mwingine hilo ni jambo dogo. Kwetu, kijana anayepita kimya mbele ya wazee ameharibikiwa, na anayesalimiwa asijibu amefanya dhambi. Nilikwenda kwa Maalim Shee nikamwambia kila kitu, ripoti ni yangu, kosa ni langu, na nikamweleza habari za dakika ishirini. Nilikuwa tayari kupigwa bakora kama zamani. Badala yake aliniuliza kama ni kweli kiumbe huyo hana kiini wala safu, anajikata tu vivi hivi. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa kama anayemsikitikia mtu asiyelelewa.

"Kuanza salamu ni suna, kuijibu ndiyo wajibu," alisema. "Basi siku hiyo wewe usianze, na sisi hatutakusalimia. Asiyesalimiwa hana jibu la kutoa. Enda zako, hiyo kazi niachia."

Baada ya swala ya Ijumaa aliwaeleza watu. Sikuwapo, niliona haya, lakini mama alinisimulia kwamba aliwasomesha hesabu ile ile ya moja, mbili, nne, nane, na wazee wakaikariri pamoja naye mpaka kumi na sita.

Niliteka maji Jumatatu asubuhi. Barafu safari hii Bwana Rebelo aliifuata mwenyewe hadi kiwandani, akarudi ameloa koti. Nikafunga sanduku, nikalikumbatia kwa mikono miwili, nikatoka mlangoni mwa msikiti. Wale wazee watatu walikuwa pale pale. Wote watatu waliangalia chini. Nilipofika kwenye kona, vikombe vya Ami Saleh, ambavyo havijawahi kunyamaza tangu nizaliwe, vilinyamaza. Alikuwa amevibana kifuani kwa viganja viwili. Bi Mariamu alikuwa dirishani amejiziba mdomo kwa ncha ya buibui, macho yamemtoka kwa jinsi alivyokuwa na mengi ya kusema. Mjomba aligeukia ukuta. Mtaa mzima, asubuhi ya kazi, ulikuwa kimya kama msikitini, na walikuwa wamejipanga pembeni kunipisha njia. Sijawahi kusalimiwa vile maishani mwangu. Machozi yalinitoka, na sikuyapangusa kwa kuwa mikono yote ilikuwa na sanduku. Nilifika mezani kwa dakika kumi na nne.

Visahani vilikaa kwenye kabati siku nzima na usiku wake. Bwana Rebelo alikataa nivitazame kabla ya wakati. Asubuhi aliviinua dirishani mwenyewe, akafumba jicho moja kama alivyofanya kwa vioo vyangu vya mwanzo, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikichungulia begani kwake. Madoa yalikuwapo, sitawadanganya. Yalikuwa machache, ya kuhesabika kwa vidole. Afisi ya afya iliagiza mkungu upunguzwe matawi na kisima kitiwe kifuniko cha mbao, na ile karatasi ukutani Maalim Shee akaibandua kwa mkono wake. Mimi nilibaki kazini, nikarudishwa kuosha vioo mwezi mmoja, na sikulalamika.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila nilipopita mtaani na sanduku la bati, watu walinyamaza. Miaka ilipita, visima vikapungua, maji ya mfereji yakaingia kila nyumba, sanduku likabeba damu na makohozi badala ya maji, na bado walinyamaza. Mke wangu nilimwoa kutoka Lamu, na wiki yake ya kwanza aliniona nikipita chini ya dirisha, akaja kuniuliza kwa hofu nimewafanyani watu hawa hata wanisuse. Nilimweleza habari za bakteria mpaka usiku, na kitunguu nikamwoteshea kwenye gilasi. Alikipika.

Siku ya mwisho ya kazi, vijana wangu walinizawadia lile sanduku lenyewe, limeshapata kutu pembeni. Nililichukua kwapani nikashika njia ya nyumbani. Wazee wale watatu wamekwisha kufariki, na Bi Mariamu pia, Mungu awarehemu wote. Lakini kwenye kona alikuwapo mjukuu wa Ami Saleh na vikombe vya babu yake, na aliponiona akavibana kifuani. Barazani watu wakaangalia chini, wengine watoto wa watoto wa wale wa kwanza, ambao sidhani walijua sababu. Nilisimama katikati ya njia. Nikafungua kifuniko, nikaligeuza sanduku juu chini mbele yao, likatoka vumbi kidogo la unga wa mbao.

"Asalaam aleikum," nikasema.

Wakajibu wote kwa pamoja. Kutoka kona ile hadi mlangoni kwangu ni hatua mia mbili, na zilinichukua saa mbili nzima.